Barua kwa mhariri: sukari haitoki kwa jasho, na misuli sio ya mabaunsa peke yao

Mhariri, salamu na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nafanya kazi maabara hapa Mbeya, hii naiandika kwa simu nikiwa zamu ya usiku kwahiyo makosa ya hapa na pale mtanisamehe.

Nimeguswa na ukurasa wenu wa afya wa Jumapili iliyopita, ule wenye picha ya jamaa kifua wazi mikono kama magogo, halafu chini yake mkaandika mazoezi yanashusha sukari kwa sababu sukari inatoka na jasho. Jamani! Mama yangu ana kisukari mwaka wa sita huu, gazeti lenu analisoma lote mpaka tangazo la mwisho, na Jumapili hiyo hiyo mchana nimerudi nyumbani namkuta amekaa juani kwenye stuli, kajifunga kanga mbili juu ya sweta, uso unang'aa kwa jasho. Nikamuuliza mama vipi, una homa? Akanijibu "hapana baba, natoa sukari, wameandika." Nilicheka, halafu nikakasirika, sio kwa mama, kwenu.

Jasho ni maji na chumvi, sukari iliyomo humo haifiki hata ya kuongelea. Sukari ikizidi sana kwenye damu inatoka kwa mkojo, ndio maana watu wa zamani walikuwa wanaona sisimizi wamejaa pale mtu alipokojoa wanajua huyu ana shida, lakini hiyo ni dalili ya ugonjwa sio tiba. Kinachoshusha sukari ukifanya kazi ni msuli wenyewe. Ndani ya seli za msuli kuna milango ya kupitishia glukosi ambayo muda mwingi imejificha, msuli ukijikunja inapanda juu kwenye ukuta wa seli na sukari inaingia kutoka kwenye damu, na uzuri wake milango hii inapanda kwa ajili ya kule kujikunja tu, hata kama insulini yako imegoma au haitoshi. Hilo lingetosha kabisa kwa ukurasa wenu, mstari mmoja, na mama yangu asingejianika juani.

Ila nikasema kama naandika basi niandike na kile ambacho kwa kweli ndio kinanifurahisha, maana mmemchora msuli kama kamba ya kuvutia mizigo tu na picha ya baunsa juu, na watu wengi ndio wanavyofikiri. Kumbe ule msuli ni mtumaji wa mizigo. Na mizigo yenyewe sio ya mfano, ni vifuko kweli, vidogo mno, vinatoka kwenye seli vinaingia kwenye damu vinakwenda kwenye ini, kwenye mafuta, na sehemu nyingine.

Sisi wa Mbeya mizigo ya basi tunaijua. Mama akitaka kumtumia dada yangu wa Dar maharage na parachichi anafunga kwenye kiroba, anashona mdomo, anaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, mimi napeleka stendi naongea na konda, kesho yake dada anaenda kuchukua Mbezi. Sasa toa kiroba weka kifuko cha utando wa mafuta uleule unaozunguka seli, toa maharage weka protini na vipande vya RNA, yaani maelekezo ambayo seli inayasoma, toa basi weka damu, na lile jina la maka peni ndio protini zilizochomoza nje ya kifuko ambazo zinasaidia kuamua nani atakipokea. Kwanini kifungwe? Kwa sababu RNA ukiiachia uchi kwenye damu inatafunwa muda huohuo, na mtu yeyote wa maabara anajua RNA ilivyo na nongwa, ukichelewesha tu sampuli umeshaharibu kazi. Ndani ya kifuko inafika salama.

Wataalamu wanaviita vesikeli za nje ya seli na viko vya aina aina. Vingine vinachipuka tu kutoka kwenye ukuta wa seli vinakatika vinaondoka, vingine vinatengenezwa ndani kabisa kwenye mfuko mkubwa ambao baadaye unasogea mpaka ukutani unamwaga vyote nje, hivi vya pili ndio vinaitwa eksosomu, ukubwa wake kama nanomita 30 mpaka 150. Kama namba hiyo haikuambii kitu, chukua seli moja nyekundu ya damu, ambayo yenyewe huioni kwa macho, upana wake ukipanga vifuko vya nanomita mia mia vinaingia kama sabini au themanini kwenye mstari. Hadubini yetu hapa kazini ambayo naonea vijidudu vya malaria kila siku haivioni kamwe.

Na hapa ndipo panaponiuma kidogo. Kila siku napokea tyubu, ya kofia ya kijivu ya sukari, ya zambarau ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ya nyekundu, na zile za seramu, yaani yale maji ya damu, naziweka kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha, mzunguko elfu tatu kwa dakika, dakika kumi, damu inakaa chini na juu inabaki ile seramu ya rangi ya chai iliyochujuka. Napima ninachopima, kinachobaki baadaye kinakwenda kwenye taka. Miaka kumi na nne natupa ile seramu na nilikuwa naamini kabisa kwamba chembe zote zimeshakaa chini. Hazijakaa. Hivi vifuko ili vikae chini unahitaji mashine ya nguvu za ajabu, inayokandamiza sampuli kwa mara laki moja ya nguvu ya mvutano wa dunia, hiyo mashine hapa kwetu hatuna wala hatuihitaji kwa kazi zetu, lakini ukijua kwamba kila tone lililobaki kwenye tyubu lilikuwa limejaa barua ambazo hakuna aliyezifungua, unaiangalia ndoo ya taka kwa jicho lingine.

Najifariji kwamba hata wakubwa walizitupa. Mwaka 1967 Peter Wolf kule Uingereza alichukua plazma, yaani maji ya damu, iliyokwisha kuondolewa chembe sahani, zile chembe za kugandisha damu, akaizungusha kwa nguvu zaidi, akapata mashapo madogo yanayosaidia damu kuganda, akayaita vumbi la chembe sahani. Vumbi! Halafu mwaka 1983 makundi mawili, la Rose Johnstone kule Montreal lililotumia damu ya kondoo na la Philip Stahl kule St. Louis lililotumia ya panya, wakaona seli changa za damu nyekundu zikikua zinatupa nje kitu kisichohitajika tena, kile kipokezi cha kuingizia chuma, zinakitupa kikiwa kimefungwa kwenye vifuko. Johnstone ndiye aliyekuja kuvipa vifuko hivyo jina la eksosomu. Lakini picha iliyobaki kichwani kwa watu wengi ikawa ya uchafu, seli inafagia nyumba inatoa takataka, nani anataka kusoma takataka.

Mpaka mwaka 2007 watu wa Gothenburg, Sweden, wakachukua vifuko kutoka kwenye seli za panya wakaviweka kwenye seli za binadamu, na zile seli za binadamu zikaanza kutengeneza protini za panya. Rudia kuisoma hiyo taratibu. Maana yake maelekezo yaliyokuwa ndani ya kifuko yalisomwa na yakafanyiwa kazi na seli ya kiumbe kingine kabisa. Takataka haifanyi hivyo.

Huku upande wa misuli nako kulikuwa na fumbo lao la siku nyingi. Mwaka 1961 mtafiti mmoja, Goldstein, alifanya misuli ya mbwa ijikunje kwa umeme, damu yao ikapelekwa kwa mbwa wengine waliotulia tu, na sukari ya wale waliotulia ikashuka. Yaani kuna kitu msuli unakitoa. Mwaka 2003 Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen wakapendekeza vitu hivyo viitwe myokini, wakianza na protini inayoitwa interlukini 6 ambayo inapanda sana kwenye damu ya mtu anayekimbia mbio ndefu. Lakini myokini zile ni kama meseji, neno moja limetumwa kwa wote, atakayesikia asikie. Kifuko ni kiroba kizima.

Mwaka 2018 ndio Whitham na Febbraio na wenzao wa Sydney wakafanya kazi ambayo mimi kama mtu wa maabara nimeipenda mno, watu wanaendesha baiskeli saa nzima halafu damu yao inachukuliwa, wakachambua vifuko vilivyomo wakakuta protini zaidi ya 300 zimeongezeka ukilinganisha na wakiwa wamepumzika. Tena hawakuishia kuchoma mkononi kama sisi, walichukua damu inayoingia kwenye paja na damu inayotoka kwenye paja hilohilo, wakalinganisha, maana kilichozidi kwenye inayotoka basi paja ndilo limekiweka. Kama unataka kujua duka gani limeuza unasimama mlangoni pa duka, huangalii barabarani. Na kwa panya wakavipaka vifuko rangi wakavifuatilia, vingi vikaonekana kwenye ini. Sasa ini nalo tuseme ukweli ni kama yule jirani anayepokea mizigo ya mtaa mzima, linasafisha damu kwahiyo kila kinachopita linakidaka, lakini vile vya panya waliokimbia vilielekea huko zaidi kuliko vya wale waliokaa.

Ila iliyonikamata kabisa ni ya mwaka 2021 kutoka Kentucky, Marekani, Vechetti na wenzake. Hawa hawakutaka mbio, walitaka uzito. Wakawafanya panya msuli mmoja wa mguu ubebe kazi ya wenzake, kwahiyo umeelemewa, inabidi unenepe. Ndani ya msuli kuna kipande kidogo cha RNA kinaitwa miR-1, kiko kwa wingi sana mle na kinahusika na kuuzuia msuli usikue ovyo, fikiria ni breki. Msuli ulioelemewa unataka kukua, sasa breki ya nini? Unaifunga kwenye vifuko unaitoa nje. Mpaka hapo ni hadithi ileile ya kufagia nyumba. Lakini vile vifuko vikaenda vikaingia kwa wingi kwenye mafuta ya tumboni, na kule ndani miR-1 ikazima protini moja ambayo kazi yake ni kukandamiza vipokezi vya adrenalini vya seli ya mafuta, vipokezi vikaongezeka, seli ikasikia vizuri zaidi amri ya kuachia mafuta, mafuta yakaanza kuyeyushwa. Walipozuia vifuko visitoke, mafuta hayakupata habari. Na kwa binadamu walionyanyua vyuma waliona mwanzo wa jambo hilohilo, miR-1 imepungua msulini na imeongezeka kwenye vifuko vya damu, hiyo sehemu ya mafuta kwa binadamu bado inafanyiwa kazi.

Mhariri mimi hiyo nimeisoma mara tatu. Kitu ambacho msuli hautaki ndicho kinachokuwa ujumbe kwa mafuta kwamba huku kuna kazi, lete kuni. Inakuwa takataka na barua kwa wakati mmoja, na sijui kama kuna mpishi anayejua kutumia maganda kuliko huyu.

Sasa msije mkaichukua hii mkaandika Jumapili ijayo "vifuko vya ajabu vinaponya kisukari", nawajua. Vifuko vingi vinavyozunguka kwenye damu sio vya misuli kabisa, ni vya seli za damu zenyewe na chembe sahani na wengine. Wataliano wa Urbino mwaka 2015 walitumia alama ya protini ya msuli kuvitafuta wakapata ni kama asilimia 1 mpaka 5 tu ya vyote. Kidogo, kwa kiungo ambacho ni karibu asilimia 40 ya uzito wa mwili. Na ukimpima mtu damu huwezi kirahisi kusema hiki katuma nani, kubishana kupo kwingi. Na nyingi ya kazi hizi ni za panya. Kwa mgonjwa wa sukari wa leo ile milango ya glukosi niliyosema mwanzo ndio habari kubwa, vifuko ni habari inayokuja.

Na kwa sababu inakuja, wajanja wameshafika kabla. Mdogo wangu kanitumia tangazo la kliniki moja wanauza dripu ya "eksosomu" ya kurudisha ujana, laki tatu na nusu kwa dripu moja, pembeni wameweka picha ya bibi anaruka kamba. Niliwapigia nikauliza vifuko hivyo vimetoka kwenye seli za nani, vimesafishwaje, vinahifadhiwa nyuzi ngapi, yule dada akaniambia ni vya Korea kaka, viko orijino. Basi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani Desemba 2019 ilitoa onyo la wazi juu ya bidhaa za eksosomu baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa, ikasema hakuna hata moja iliyokuwa imeidhinishwa. Mtu anaenda kununua kwa laki tatu na nusu kiroba ambacho hajui kimefungwa wapi na nani, wakati mapaja yake mwenyewe yanafunga bure.

Nirudi kwa mama maana ndiye aliyeniandikisha hii barua. Mama amelima maisha yake yote, viazi, mahindi, amebeba kuni, ndoo ya lita ishirini kichwani anapanda nayo kilima anaongea. Alipopimwa akaonekana ana kisukari sisi watoto tukakaa kikao, tukamleta mjini, na kwa mapenzi yote tukamwambia mama umechoka sana sasa kaa upumzike. Tukamnunulia kochi. Msichana wa kazi akawa anamletea mpaka maji ya kunawa. Baada ya mwaka na miezi kadhaa mama akawa hawezi kunyanyuka kwenye kochi hilohilo bila kushikwa mkono, miguu imekuwa myembamba, na sukari ya asubuhi ilikuwa haishuki pamoja na dawa. Mimi natoka kazini ambako nazungusha damu za watu, nakaa naye tunaangalia tamthilia, na sikuona kitu. Mtu akishavuka miaka thelathini hivi anaanza kupoteza msuli hivi hivi tu, asilimia 3 mpaka 8 kwa kila miaka kumi, sisi tukaja tukaongeza spidi kwa kochi la kukunja miguu.

Dada mmoja wa fiziotherapia ndiye aliyetufokea. Akasema huyu mama mnamuua kwa heshima. Akampa kazi moja tu, kukaa na kusimama kutoka kwenye stuli bila kushika kitu, kila siku, halafu kunyanyua kidumu cha lita tano kila mkono. Shirika la Afya Duniani nalo kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mazoezi ya kukaza misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na wazee waongeze ya kuufanya mwili usiyumbe siku tatu au zaidi, wazee nasema, sio mabaunsa, lakini nenda kliniki yoyote ya sukari usikilize, mzee anaambiwa punguza ugali, tembea tembea kidogo, basi, hakuna anayemwambia nyanyua kitu.

Siku ya kwanza mama alisimama mara mbili. Namuona bado, mikono imekandamiza magoti, shingo imetoka mishipa, anasema mama weee, makalio yameachia stuli kama inchi mbili hivi yakarudi, akapumzika, akajaribu tena akasimama akawa anaangalia pembeni kama ameiba kitu. Sasa hivi anafika kumi na nne. Sukari ya asubuhi imekuwa nzuri kuliko mwaka jana, na sisemi ni vifuko, anameza metformini, dawa ya sukari, na ugali umepungua kweli, mimi ni mtu wa vipimo siwezi kusema ambacho sijapima. Ila nikimuona anasimama pale nawaza kuna viroba vinafungwa.

Kwahiyo ombi langu. Moja, sahihisheni ile ya jasho, na muisahihishe ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, sio kule chini kwa wino wa sisimizi maana mama anasoma kwa miwani. Mbili, siku nyingine mkiandika habari za misuli wekeni picha ya mama mtu mzima ana kidumu mkononi, wako wengi tu, mkikosa njooni nyumbani.

Nimemsomea mama mpaka hapo kwa simu, nimepiga saa hizi hakuwa amelala. Ameuliza kama mtaitoa kweli. Nikamwambia labda. Amesema ile ya kusema aliangalia pembeni kama mwizi niitoe, nimekataa, na picha atapiga lakini sio na lile sweta.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtu wa maabara, Mbeya